Kabichi ya Kichina kwa bukari: ufundi wa mama wa Buluo

Jani la kabichi ya Kichina likishakatwa huanza kunyauka papo hapo. Linaendelea kupumua, linapoteza maji, na kadiri saa zinavyokwenda bua lake jeupe linalegea na utamu unapungua. Mpishi anayelijua hilo ana njia mbili: anunue friji kubwa, au aweke jiko lake karibu na tuta. Huko Buluo, mjini Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, yuko mama muuza chakula cha mchana aliyechagua njia ya pili. Majani anayakata mwenyewe saa tatu asubuhi. Saa sita mchana wateja wake, wengi wao madereva, mafundi wa magari na wachuuzi, wanayala kwa bukari, yaani ugali. Nimekaa mara nyingi kwenye benchi lake nikila na kutazama, na ninataka kumsifu hatua kwa hatua, maana kazi yake inastahili sifa ya namna hiyo.

Watu wa miji mikubwa ya dunia hulipa fedha nyingi kwa jambo hilihili. Mwaka 1971 Alice Waters alifungua mgahawa wa Chez Panisse huko Berkeley, Marekani, akawazoesha wateja wake kula kilichovunwa jirani, katika msimu wake, kutoka kwa mkulima anayejulikana. Mwaka 1983 Wolfgang Puck alifungua Chinois on Main huko Santa Monica, akachanganya upishi wa China na wa Ufaransa kwa mazao ya California. Tangu hapo mikahawa ya aina hizo imeenea, na mingine inaunganisha mambo yote mawili: shamba liko karibu, na ladha za Asia zinakutana na za wenyeji. Wapishi hao walifanya kazi kubwa na wanastahili heshima yao. Heshima hiyohiyo ninaidai kwa mama wa Buluo, ambaye hana bango mlangoni wala orodha ya vyakula iliyochapwa.

Tazama sahani yenyewe. Kabichi ya Kichina, ambayo wauzaji wa Likasi na Lubumbashi huiita kwa Kifaransa chou de Chine, ni mmea wa Asia ya Mashariki. Kitunguu nacho asili yake ni Asia. Mahindi, muhogo, karanga, nyanya na pilipili vilitoka Amerika, vikavuka Atlantiki katika merikebu za Wareno, vikasafiri kwa njia za biashara za bara mpaka vikawafikia Walunda na majirani zao. Ndakala, wale dagaa, wamevuliwa Ziwa Tanganyika. Siku mama anapopata samaki wabichi, mara nyingi ni wa Ziwa Tshangalele, lile lililotokea baada ya mto Lufira kuzuiwa kwa bwawa la Mwadingusha, ambalo mitambo yake ilianza kutoa umeme mwaka 1930.

Bara hili limezoea kupokea vya watu na kuvifanya vyake. Ndizi na magimbi vilitufikia kutoka Asia kwa njia ya Bahari ya Hindi, zamani sana. Mpunga uliingia Maniema pamoja na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu wa karne ya 19, zama za Tippu Tip, na ukalimwa kwa wingi pande za Kasongo na Nyangwe. Mla pilau wa Mombasa au Unguja hajiulizi kama binzari nyembamba ni ya kwake. Ameirithi kwa bibi yake, basi. Hata hivyo, mmea kuja ni jambo moja na kujua kuupika ni jingine. Kati ya mawili hayo ndipo ufundi ulipo.

Tuanzie bustanini. Ni matuta machache bondeni, mahali ambapo maji hayako mbali hata wakati wa kiangazi. Likasi iko juu, kama mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kukoma Aprili. Baada ya hapo ni miezi ya ukame, na Juni na Julai usiku huwa wa baridi kali. Mgeni angedhani huo ni wakati wa kupumzisha jembe. Kwa kabichi hii ni kinyume. Wakati wa masika matone hulipiga jani, matope hulirukia na kulioza, na magugu hayaishi. Katika baridi ya kiangazi jani hunenepa na bua hujaa maji, mradi yupo mtu wa kumwagilia asubuhi na jioni, kila siku, hata Jumapili kabla ya kanisa.

Udongo wa kawaida wa Katanga ni mwekundu, umechoka na una asidi, kwa kuwa mvua za miaka mingi zimeosha chokaa yake. Mama hutafuta dawa yake porini, kwenye vichuguu. Anayeijua misitu ya miombo ya Katanga anajua ukubwa wa vichuguu hivyo: vile vya mchwa aina ya Macrotermes falciger huzidi mita 5 kwenda juu, na vingine vimesimama kwa mamia ya miaka. Mchwa hupandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini sana, na ndani ya kichuguu chokaa hujikusanya pamoja na virutubisho vingine. Wakulima wa huku hubomoa sehemu ya kichuguu, wakaponda mabonge, wakatandaza vumbi lake shambani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameupima udongo huo na kukuta asidi yake ni ndogo na rutuba yake kubwa kuliko udongo wa pembeni. Mama hakungoja vipimo. Huchanganya udongo wa kichuguu na samadi ya kuku iliyolala wiki kadhaa mpaka harufu yake ya ukali iishe, kwa sababu samadi mbichi huunguza mizizi. Huitia mkono ndani kabla ya kuitumia. Ikiwa bado ina joto, huifunika na kuiacha.

Mbegu ni ndogo kama chembe za mchanga. Huzimwaga kitaluni kwenye vijifereji vya kina cha ukucha, anafunika kwa udongo laini, kisha anatandaza nyasi kavu juu. Zikichipua, nyasi huondolewa kidogokidogo, ili miche ilizoee jua. Baada ya wiki tatu hivi, miche ikiwa na majani manne au matano, huihamisha. Kazi hiyo huifanya jioni tu, jua likiwa limeshuka, ili mche upate usiku mzima wa kushika ardhi kabla ya kupigwa na jua. Humwagilia kitalu kwanza, anachomeka kijiti chini ya mzizi, anainua mche pamoja na tonge lake la udongo, na kuupanda mbali na mwenzake kama urefu wa shibiri moja na nusu. Kisha anaubana kwa vidole viwili, si kwa kiganja. Mche uliobanwa kwa kiganja, anasema, hukaa siku mbili ukilia.

Kisha inakuja kazi ambayo sikuielewa mpaka nilipoinama naye. Kila asubuhi, kabla ya kumwaga maji, hupita akipindua majani na kutazama upande wa chini. Adui yake ni kiwavi mdogo wa kijani, mwembamba kama kipande cha uzi, mtoto wa nondo anayependa ukoo wote wa kabichi. Ukiligusa jani kwa pupa, kiwavi hujitupa na kuning'inia kwenye uzi wake mwembamba, halafu hupanda tena ukiondoka. Kwa hiyo mama halitikisi jani. Mkono wa kushoto huuweka wazi chini yake, mkono wa kulia hulipindua polepole, na kiwavi akijitupa huangukia kiganjani. Anafanya hivyo tuta zima, bila haraka, huku akizungumza habari za watoto na bei ya unga. Dawa za dukani anazijua. Hazinyunyizii majani atakayoyauza mchana uleule, na anayewalisha watu kwa mkono wake mwenyewe ana sababu ya kuwa mwangalifu hivyo.

Wiki nne hadi sita baada ya kuhamishwa, kabichi iko tayari, na muda wake ni mfupi. Ikicheleweshwa itatoa shina la maua na majani yataingia uchungu. Mama halipapasi jani ili kujua kama limefika. Huvunja bua moja la nje: likivunjika kwa mlio mkavu na maji yakatoka, anavuna, likijikunja, analiacha na jioni anaongeza maji. Humfundisha hivyo hata mteja anayekuja kununua majani mabichi. Kabla ya kukata huwa amekwisha kumwagilia alfajiri, ili jani likatwe likiwa limeshiba. Huyafunga mafungu kwa uzi wa gome na kuyalaza katika beseni lililofunikwa kitambaa chenye unyevu. Kutoka hapo hadi jikoni ni mwendo wa kutembea tu.

Jikoni kuna mbabula tatu, yale majiko ya makaa ya bati ambayo kila nyumba ya Katanga inayajua. Na hapa ndipo nilipoona jambo lililonifanya niandike.

Mboga kuu ya nchi hii ni sombe, yaani majani ya muhogo. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi, kwa hiyo hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Anayeharakisha sombe anahatarisha watu wake. Kizazi baada ya kizazi, wapishi wa Kongo wamejifunza kwamba jani zuri ni jani lililokaa motoni. Kabichi ya Kichina haikubali desturi hiyo. Ikichemshwa kama sombe hugeuka rojo la kijivu lenye harufu nzito, na ndivyo nilivyoila katika nyumba nyingi. Lakini karanga, ambazo mama hataki kuziacha kwa kuwa mboga bila karanga kwake ni mboga ya mgonjwa, zinadai moto wa polepole na muda. Chungu kimoja, basi, kina vitu viwili visivyokubaliana kuhusu wakati.

Mama anayamaliza mabishano hayo kwa kutenganisha kazi. Karanga mbichi amezitwanga kinuni, amezichekecha, na makapi ameyarudisha kinuni tena. Unga wake ni laini kiasi kwamba ukiufinya unashikana. Kitunguu na nyanya huiva kwanza katika mafuta kidogo, mpaka nyanya ipoteze umbo. Unga wa karanga huukoroga pembeni kwa maji ya uvuguvugu ili usifanye madonge, kisha huumimina. Kuanzia hapo haondoki. Karanga hufura na kumwagika zikisahauliwa, na hushika chini zikiachwa bila kukorogwa. Amevuta makaa nusu, mwiko unazunguka sakafu ya sufuria, na mchuzi unabadilika: kwanza ni mweupe na una harufu ya ubichi, baadaye unakuwa mzito wa rangi ya udongo, mwishowe matone madogo ya mafuta yanajitokeza juu pembezoni. Hayo mafuta ndiyo saa yake. Kabla hayajaonekana, hakuna jani linaloingia.

Wakati huohuo kabichi inasubiri, ikiwa imeoshwa katika maji matatu na kukung'utwa. Ameitenga mafungu mawili, mabua upande mmoja na majani upande mwingine. Mabua ameyakata mshazari, vipande vya upana wa kidole, na majani ameyachana kwa mkono. Karanga zikitoa mafuta, huchochea makaa, moto unapanda, na mabua huingia kwanza. Anahesabu kwa pumzi zaidi kuliko kwa dakika. Mabua yakianza kung'aa, majani hufuata, yote kwa mara moja, na mwiko unayapindua kutoka chini kwenda juu. Hafuniki sufuria. Nilimwuliza kwa nini, akanijibu kwamba mfuniko huiba rangi. Ndivyo ilivyo: jani likipata moto hutoa asidi yake, na asidi hiyo ikifungiwa ndani pamoja na mvuke huharibu ukijani, lakini sufuria ikiwa wazi, sehemu yake hutoka na mvuke. Magadi yangeweza kushika rangi pia, na wengi huyatumia, lakini huilegeza mboga na kupunguza vitamini zake. Mama huyaweka kwa ajili ya bamia na mboga nyingine za mlenda, zinazoyapenda. Chumvi ni ya mwisho, pamoja na pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Anaepua majani yakiwa bado yana rangi ya bustanini.

Bukari nayo iko tayari kwenye mbabula ya tatu. Unga ni wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo: mahindi yanaipa uzito, muhogo unaipa mvuto. Uwiano wake hubadilika na soko, kwa kuwa mahindi mengi ya Haut-Katanga hutoka Zambia na bei yake hupanda pale mpaka unapofungwa au lori linapochelewa. Hilo nalo ni sehemu ya ufundi: kuongeza muhogo siku za shida bila mteja kulala na njaa.

Unanawa, unakata tonge, unalibonyeza kwa dole gumba lifanye shimo, unachota. Kinachokuja kwanza ni karanga, nzito na tulivu. Halafu meno yanakutana na bua, nalo linavunjika na kutoa maji ya baridi kidogo, matamu, yenye mwasho wa mbali wa haradali ambao ukoo wa kabichi huutoa ukitafunwa. Ndakala waliokaangwa wanaleta chumvi. Mpishi wa Guangzhou angelitambua bua lile, kwa kuwa kwao pia mboga hiyo hupitishwa motoni upesi ili bua libaki hai. Bibi wa Kikula au Panda, hapahapa Likasi, angezitambua karanga zile. Sijui sahani nyingine ambayo pande mbili zimesikilizana hivyo bila mmoja kumzidi mwenzake sauti.

Ufundi huu umetokana na shida. Likasi ni mji wa shaba. Wabelgiji waliuita Jadotville, na chini ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, mfanyakazi alipewa posho ya chakula pamoja na mshahara. Kampuni ilipotaifishwa na kuwa Gécamines, familia nyingi ziliendelea kuutegemea mlango huohuo. Miaka ya 1990 uzalishaji ulianguka, mishahara ikakatika, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Wake wa wafanyakazi walikwisha kuingia mabondeni na majembe. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za Ubelgiji, liliwasaidia wakulima wa bustani za mijini nchini Kongo kuanzia mwaka 2000, na Likasi ilikuwa miongoni mwa miji hiyo, pamoja na Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani na Mbanza-Ngungu. Msaada ulifaa. Lakini aliyeushikilia mji usife njaa ni mama mwenye kopo la kumwagilia.

Sifa hii ingekuwa pungufu nikinyamazia udongo. Mitambo ya Shituru, hapa Likasi, imekuwa ikisafisha shaba tangu 1929, na viwanda vipya vimeongezeka katika miaka ya karibuni. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti na metali nyingine mwilini kwa viwango vya juu sana. Mboga za majani ni mojawapo ya njia zinazoweza kuzifikisha metali hizo mezani, na ukoo wa kabichi hunyonya kadimiamu kwa urahisi. Kuosha huondoa vumbi lililo juu ya jani. Kilichopita kwenye mzizi hakiondoki kwa maji. Udongo wenye chokaa na mboji nyingi hupunguza unyonyaji huo, na kwa upande huo vichuguu na samadi ya mama vinafanya kazi kubwa kuliko kukuza majani tu. Hata hivyo mkono wa mkulima mmoja hauwezi kuzuia maji machafu yanayoshuka kutoka kiwandani.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wakubwa wa jimbo na wenye viwanda: pimeni udongo na maji ya mabonde wanayolima akina mama wa Likasi, toeni majibu hadharani, na palipoharibika mwape ardhi safi iliyo karibu na maji. Kwa vijana wanaojifunza upishi Lubumbashi, Goma, Dar es Salaam au Nairobi: kabla ya kutafuta darasa la vyakula vya Asia, nendeni mkakae karibu na mbabula ya mama kama huyu, mtajifunza kwa nini bua huingia kabla ya jani. Na kwako wewe unayepita Likasi ukielekea Kolwezi: simama ule. Uliza majani yamelimwa wapi, lipa bei aliyoitaja bila kubishana, na umwambie kwamba umeona kazi yake.